Slaidi ya Shahidi

Kaunta ya vifurushi ilikuwa na madirisha manne, moja tu likifanya kazi, na mbele yake watu kama thelathini, kila mmoja akiamini kwamba haraka yake ndiyo haraka ya kweli. Feni ya darini ilizunguka kivivu bila kumpoza mtu. Mwanamke mmoja mwenye sketi ndefu ya bluu na blauzi ya maua madogo alitoka dirishani na chupa isiyozidi ukubwa wa kidole gumba, akiisoma lebo yake huku anatembea, na hilo lilikuwa kosa. Mwanamume mmoja aliyevaa shati jeupe, likiwa bado na mikunjo ya dukani, alikuja upande wa pili macho yake yakiwa kwenye simu, na hilo lilikuwa kosa la pili. Viwiko vikagongana, chupa ikaruka.

Mwanamume aliidaka, tumpe haki yake. Aliidaka kabla haijagusa sakafu, akaiinua juu kama mtu aliyeshinda kombe. Ila kifuniko kilikuwa kimelegea, na unga kidogo wa kijani kilichokolea mpaka karibu na weusi ukamwagikia pindo la mkono wa shati lake. Yeye aliona vumbi tu. Akatoa kitambaa alichokuwa akijifutia jasho, kimelowa chapachapa, akapangusa. Pindo zima likageuka zambarau mbele ya foleni nzima.

"Usitie maji," akasema mwanamke.

"Unaniambia nikiwa nimeshatia, dada?"

"Nilikuwa nakuja huko. Wewe ndiye mwenye haraka."

Mwanamume akamtazama vidole. Vilikuwa vya zambarau mpaka kifundo cha pili, na kucha zimekolea zaidi. "Naona na wewe siku moja uliwahi kuwa na haraka," akasema, na mwanamke akacheka kabla hajaamua kama anataka kucheka.

Ndivyo ilivyoanza. Ningependa kukwambia kwamba iliisha vizuri, lakini mimi sidanganyi watu. Kazi hiyo ina mwenyewe humu ndani, na utamwona.

Mwanamke yule alikuwa fundi wa maabara katika taasisi ya utafiti, chumba cha tishu, ghorofa ya tatu. Kazi yake ilikuwa kukata ubongo wa panya vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara, kuvilaza juu ya vioo vidogo viitwavyo slaidi, kisha kuvitia rangi ili seli zionekane kwenye darubini. Rangi yenyewe ndiyo ile iliyokuwa ndani ya chupa. Kwa sababu ya vidole vyake watu wote walimwita Zambarau, kuanzia mlinzi wa getini hadi Profesa, mkuu wa idara, siku anapojisahau. Pale kwenye foleni, huku akiendelea kumgombeza mwanamume kwa habari ya kitambaa, ikajulikana kwamba mwanamume huyo ni mtafiti wa shahada ya udaktari, kwamba anaanza Jumatatu katika taasisi hiyohiyo, na kwamba anakuja na panya thelathini na sita. Zambarau alicheka mpaka foleni ikageuka. Akamwambia alete shati siku hiyo ya kwanza, asilipeleke kwa dobi yeyote.

Alilileta. Spiriti ilitoa zambarau yote isipokuwa doa moja dogo kama punje ya dengu.

"Hilo halitoki," Zambarau akasema. "Rangi hii ikipata pa kushika, imeshika."

"Basi nitalivaa hivyo hivyo. Wakiniuliza nitasema nimetiwa alama na mwenye mali."

Maneno ya namna hiyo alikuwa nayo mengi, na aliyasema kwa sauti ya chini ambayo ilimlazimu mtu kusogea. Zambarau alisogea.

Mtafiti alishinda kwenye chumba cha tishu kuliko kwenye chumba chake. Alikaa kwenye kiti kirefu karibu na sinki, akimtazama anavyofanya kazi. Rangi ile haipimwi kwa saa. Kwanza inaingia kila mahali, kipande chote kinakuwa zambarau tupu kisichosomeka. Halafu fundi anakitia kwenye spiriti, na spiriti inaanza kuiondoa pale isiposhika sawasawa, mpaka zibaki seli nzima za ubongo peke yake, zimekolea kwenye uwanja mweupe. Ukiwahi kukitoa, huoni kitu. Ukichelewa, hata seli zenyewe zinapauka. Zambarau hakutazama saa ya ukutani. Aliinua kioo kwenye mwanga wa dirisha, akarudisha, akainua tena, na alijua. Mkono wake ulikuwa na jina katika jengo lile, na jina hilo ndilo lililokuwa mali yake yote.

Alikuwa na desturi moja ambayo Profesa aliigeuza kuwa sheria ya idara. Kila siku ya kutia rangi, kabla ya slaidi za mtafiti yeyote, alitia kwanza slaidi moja ya ubongo mzima usio na ugonjwa, kipande kilichokatwa kutoka bloku moja ya zamani, yaani ubongo uliogandishwa kwenye nta. Hiyo waliiita shahidi. Kama shahidi ametoka vizuri, basi rangi ya siku ile ni nzima, na mtafiti akiona seli zake zimepauka, ajiulize mwenyewe na panya wake. Mashahidi wote walipangwa kwenye droo ya mbao kwa tarehe. Na kwa kuwa kila fundi anajua kwamba wino hauwezi spiriti, Zambarau aliandika kwanza tarehe na namba ya chupa kwenye kioo chenyewe kwa kalamu yenye ncha ya almasi, maandishi madogo yasiyoonekana mpaka uyalaze kwenye mwanga. Slaidi ikishakauka ndipo alipobandika juu yake karatasi ya kusomeka kwa urahisi. Mtafiti alikaa pale siku nyingi kazi hiyo ikifanyika, ila alikuwa akitazama uso wa fundi, si kalamu yake.

Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Jioni simu ya Zambarau ikiita, dada yake, fundi cherehani ambaye aliishi naye katika nyumba yenye karakana ya ushonaji kwa mbele, alikuwa anasimamisha mashine ili asikie vizuri.

"Baba Panya, watoto hawajambo?"

"Wote thelathini na sita wazima. Wanauliza mama yao yuko wapi."

"Waambie mama yao yuko jikoni, anamngoja mtu aache maneno aje ale."

"Mtu huyo yuko mlangoni kwenu dakika kumi zilizopita, anaogopa kugonga kwa sababu ya dada yako."

Na kweli alikuwa mlangoni. Dada alimfungulia, akampima kwa macho kutoka mabega hadi viatu kama anayempima suti, akampisha. Baadaye alimwambia mdogo wake kwamba mtu yule ana adabu na anajua kula, lakini anajibu maswali kwa kuuliza maswali. Zambarau akasema dada ana wivu wa mke mwenza. Wakacheka, yakaisha.

Panya kumi na nane walikuwa wamepewa dawa ambayo mtafiti aliamini inalinda seli za ubongo. Kumi na nane wengine hawakupewa. Miaka mitatu ya maisha yake, maandishi yake yote, na tumaini la kuitwa daktari vilikuwa juu ya jambo moja: seli za wale waliopewa dawa zionekane nyingi na zimekolea. Alhamisi moja Zambarau alitia rangi kundi la dawa. Ijumaa asubuhi slaidi zilikuwa zimekauka, akampa mwenyewe mkononi kwenye trei, akamwombea heri. Siku nzima mtafiti hakutoka chumba cha darubini. Alipoulizwa kwa simu alisema anatazama taratibu, hataki kujitia kijicho.

Jumamosi walikwenda kutembea kwenye bustani iliyo nyuma ya maktaba. Yeye alivaa lile shati lenye doa. Zambarau alikuwa na gauni la manjano ambalo dada alilishona kwa siku mbili, kiunoni limembana vizuri mpaka akawa anatembea kwa hadhari. Wakaketi kwenye benchi. Mtafiti akamshika mkono, akavibusu vidole kimoja kimoja mbele za watu.

"Nipe kitu cha mkono wako," akasema. "Kitu cha kazi yako, nikae nacho mfukoni. Wenzangu wanabeba picha."

"Nikupe nini? Glovu?"

"Slaidi. Ile ya shahidi ya juzi. Nilikuona ulivyoishika kwenye dirisha, nikasema huyu mtu akinishika mimi hivyo, sitaki kitu kingine duniani."

Zambarau alijua kwamba shahidi hatoki kwenye droo. Aliisema sheria hiyo kwa sauti, tena mara mbili. Lakini droo ile ilikuwa na mashahidi wa miaka minne na hakuna aliyewahi kumwita hata mmoja kutoa ushahidi. Jumatatu alimpa, ameifunga kwenye kipande cha hariri kilichobaki kwenye mashine ya dada. Akajiona mwanamke mwenye bahati.

Wiki mbili baadaye aliitwa ofisini kwa Profesa, ghorofa ya nne. Alimkuta mtafiti ameshaketi, kalamu mkononi, hakugeuka. Profesa alikuwa mzee wa maneno machache ambaye hakupenda kumwona fundi wake akiwa amesimama, akamwambia aketi. Kisha akaeleza. Kundi lisilopewa dawa lilitiwa rangi siku nyingine na rangi yake ilikuwa sawa, lakini slaidi za kundi la dawa zimetoka zimepauka, na mtafiti ameandika barua kusema kwamba rangi ya Alhamisi ile iliharibika, ama ilichanganywa vibaya ama vipande vilikaa kwenye spiriti kupita kiasi. Kwa hiyo anaomba kundi lile lifutwe, arudie upya na fundi mwingine.

Zambarau hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma mimi ninayesimulia. Alifikiri ni kosa la kawaida la mtu anayeogopa. Akasema kwa upole kwamba rangi ilikuwa nzima, chupa mpya, mkono wake mwenyewe.

"Sina shaka," Profesa akasema. "Tumwite shahidi."

Wakashuka wote watatu hadi chumba cha tishu. Profesa akavuta droo, akapitisha kidole kwenye tarehe, akafika. Nafasi ya Alhamisi ilikuwa tupu.

Hapo ndipo Zambarau alipokumbuka. Alimtazama mtafiti. Alingoja. Ilikuwa sentensi moja tu, "Slaidi hiyo ninayo mimi," na kila kitu kingekwisha kwa kicheko na karipio. Profesa naye alikuwa akingoja, ingawa hakujua anangoja nini. Mtafiti aliifungua kalamu yake, akaifunga, akaitazama kama ndiyo anaiona leo.

"Slaidi iko wapi?" Profesa akauliza.

Zambarau angeweza kusema. Lakini kusema ni kukiri kwamba alitoa mali ya idara kama zawadi ya mapenzi, na tena kumwaibisha mtu wake ambaye huenda amesahau tu, ambaye huenda hajui kwamba kile kioo alicho nacho mfukoni ndicho kinachotafutwa. Akanyamaza. Fundi ambaye nafasi yake iko tupu hana utetezi. Profesa alisema kwa huzuni ya kweli kwamba kuanzia kesho atakwenda chumba cha kuoshea vyombo, na mkataba wake ukiisha mwishoni mwa mwezi ujao, taasisi haitauongeza.

Zambarau alimpigia mtafiti simu akiwa bado kwenye ngazi, kabla hata ya kuvua koti la maabara. Maneno yalimtoka kwa haraka ya mtu anayemsaidia mwenzake kukumbuka.

"Mpenzi, sikiliza. Ile slaidi niliyokupa, ile ya kwenye hariri, ndiyo hiyo. Ndiyo shahidi wa Alhamisi. Rudi sasa hivi umwonyeshe Profesa, hata hajafika ofisini."

 Alisikia mlango ukifungwa upande wa pili.

"Najua," mtafiti akasema.

"Unajua nini?"

"Najua ndiyo hiyo. Naomba wiki chache tu. Niamini. Nikishapita kwenye kamati ya shahada nitalitengeneza jambo hili lote, nakuapia. Usimwambie mtu."

Zambarau alikata simu, akaketi palepale kwenye ngazi. Watu walipita wakimpisha. Alihisi kitu kimoja tu, aibu, na aibu yenyewe haikuwa yake, lakini ilikuwa imemkalia yeye.

Kikulacho ki nguoni mwako, dada alisema usiku wa siku hiyo baada ya kusimuliwa yote, na hakuongeza neno. Alimsogezea sahani, akarudi kwenye cherehani. Dada mwenye busara anajua wakati wa kunyamaza, na huyu alikuwa mtu wa maneno mengi, kwa hiyo ukimya wake ulikuwa zawadi kubwa.

Chumba cha kuoshea vyombo kilikuwa chini kabisa, hakina dirisha. Wiki tatu Zambarau aliosha chupa na trei za watu wengine. Sabuni ilikuwa kali, na siku moja aliona vidole vyake vimeanza kuwa vya rangi ya kawaida. Mlinzi wa getini alimsalimia asubuhi hiyo akamwita kwa jina lake halisi, kwa heshima, na hilo lilimliza kuliko maneno ya Profesa. Mtafiti alipiga simu mara nyingi, hakuipokea. Alituma ujumbe kwamba hali wala halali. Aliusoma, akaufuta, kisha akakaa akiukumbuka neno kwa neno. Maana usidhani mapenzi yalikuwa yamekwisha. Yangekuwa yamekwisha, angekuwa analala.

Mtafiti alikuja Jumapili mchana. Karakana ilikuwa wazi, dada ameinama kwenye mashine, Zambarau anakata nyuzi. Mtafiti alisimama mlangoni amekonda, amevaa lile shati jeupe, limepigwa pasi, na doa liko palepale kwenye pindo. Dada aliinuka, akachukua mkasi, akaenda nao chumba cha ndani, akiacha mlango wazi kwa makusudi.

Alizungumza kwa muda mrefu. Kwa ufupi, alisema kwamba kamati imekubali kundi la dawa lirudiwe, kwamba mambo sasa yametulia, kwamba amekuwa mwoga na anajichukia. Kisha akapiga goti sakafuni, juu ya vipande vya vitambaa, akatoa kijiboksi chenye pete, na pembeni yake kile kipande cha hariri.

"Nimekurudishia," akasema. "Sikutaka ukae ukifikiri nimekitupa. Nimekitunza kuliko macho yangu. Nioe, yaani, nikuoe. Nimechanganyikiwa. Olewa na mimi, Zambarau. Ukiwa mke wangu hutahitaji ile ajira, na mimi nikishakuwa daktari nitakuombea kwa Profesa mwenyewe urudi."

Alipokosea neno, Zambarau alitabasamu. Hakutaka, lakini alitabasamu, kwa sababu alimjua, na mtu huyu alipoogopa kweli ndipo maneno yalipomponyoka. Moyo ukamwambia nyoosha kidole. Nyoosha tu, yaishe, kila mtu ana siku yake ya woga. Badala yake mkono ulikwenda kwenye hariri, kwa mazoea ya miaka minne, ukaifungua, ukainua kioo.

Karatasi haikuwepo.

"Lebo iko wapi?"

"Ipi? Ile karatasi? Ilibanduka tu mfukoni. Kwa jasho."

"Gundi yangu inakaa miaka kumi kwenye droo."

"Basi sijui. Slaidi ni ileile, mpenzi. Iweke nyumbani, kumbukumbu yetu. Sasa haiwezi kumdhuru mtu."

Zambarau aliinuka, akaenda mlangoni penye mwanga. Aliilaza slaidi kama alivyofanya mara elfu, na ukingoni mwa kioo, pale karatasi ilipokuwa, tarehe ya Alhamisi na namba ya chupa vikajitokeza, vidogo, vimechongwa kwa almasi. Mtu aliyeibandua karatasi kwa ukucha hakujua kwamba chini yake kuna maandishi mengine. Angalikuwa amewahi kutazama kazi ya fundi wake hata siku moja, angalijua. Jambo hilo lilimchoma zaidi ya uongo wenyewe.

"Nikuulize kitu kimoja," akasema bila kugeuka. "Nilikupa trei Ijumaa asubuhi. Ukaniomba slaidi hii Jumamosi. Ulipovibusu vidole vyangu pale kwenye benchi, ulikuwa umeshaona kwamba dawa yako haifanyi kazi?"

Mtafiti alikifunga kijiboksi cha pete. 

"Nilikuwa nimeona," mtafiti akasema mwishowe. "Lakini sikuwa nimeamua kitu. Naapa sikuwa nimeamua. Nilitaka tu iwe mkononi mwangu. Na nilikuwa nakupenda, Zambarau. Yote mawili yalikuwa kweli siku ileile."

Alimwamini. Hilo ndilo lililokuwa baya. Angemwona mwongo mtupu angemfukuza kwa fagio na kumsahau kufikia mwisho wa mwezi. Lakini aliyekuwa amepiga goti pale alimpenda kweli, na alimwibia kweli, kwa midomo ileile.

"Inuka, utachafua suruali," akamwambia, na sauti ilikuwa ya upole kuliko alivyokusudia. "Kesho saa tatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwa Profesa. Ukija, ukaitoa slaidi hii mwenyewe kwa mkono wako, tutaingia pamoja, na nitakapotoka nitakujibu hilo la pete. Usipokuja, nitaingia nayo peke yangu."

"Miaka mitatu, Zambarau. Unaniambia niichome kwa mkono wangu."

"Ya kwangu uliichoma kwa mkono wa nani?"

Mtafiti akainuka, akaondoka. Pete aliibeba, hariri aliisahau.

Jumatatu saa tatu kasorobo Zambarau alikuwa kwenye kikorido cha ghorofa ya nne, amevaa gauni la manjano. Dada ndiye aliyesisitiza, akisema mtu haendi kudai jina lake akiwa na nguo ya kuoshea vyombo. Kutoka pale aliona kichwa cha ngazi. Kila hatua iliyopanda alijua kama ni ya mtafiti au si yake kabla mtu hajatokea, na hakuna iliyokuwa yake. Saa tatu ilifika. Ikapita. Aliongeza dakika tano, akajidanganya kwamba saa yake iko mbele, akaongeza nyingine tano. Kisha simu ikatetemeka mkononi, na kwenye kioo chake pakatokea Baba Panya.

Aliipokea.

"Niko chini," mtafiti akasema. "Niko kwenye ngazi. Nimeshindwa. Shuka tuzungumze kwanza, mpenzi, dakika moja tu."

"Kutoka hapo ulipo ni ngazi chache," Zambarau akamwambia. "Mimi nimezipanda leo nikitokea chumba cha vyombo."

Akakata, akagonga mlango.

Profesa aliweka slaidi chini ya darubini, akaiinamia muda mrefu. Seli zilikuwa pale, zimekolea, kila moja na mpaka wake, kama siku ilipotoka kwenye spiriti. Akaitoa, akailaza kwenye mwanga wa taa, akasoma ukingo wa kioo.

"Rangi nzuri," akasema. Kisha akavua miwani. "Ilikuwa wapi?"

"Nilimpa mtafiti. Mimi mwenyewe, kwa hiari yangu. Aliniomba kitu cha mkono wangu, nikampa."

Mzee alimtazama, akaelewa yote, hata yale ambayo asingependa kuyaelewa. Alisema atamwandikia barua ya onyo kwa kutoa shahidi kwenye droo, maana sheria ni sheria na yeye Zambarau ndiye aliyeileta. Akasema pia kwamba kundi la dawa halitafutwa, litabaki kama lilivyo, na mtafiti ataitwa mbele ya kamati leo hii. Halafu akafungua mtoto wa meza, akampa ufunguo wa chumba cha tishu, ule wenye uzi wa zambarau, ambao kumbe hakuwahi kumpa mtu mwingine.

Mtafiti alikuwa bado yuko kwenye ngazi, ameegemea ukuta, shati jeupe, doa kwenye pindo.

"Umemwambia?" akauliza. Hilo ndilo lililokuwa swali lake la kwanza.

"Nimemwambia kwamba nilikupa."

"Na yeye amesemaje?"

"Amesema rangi ni nzuri."

Mtafiti alitaka kumshika mkono, akausimamisha wake njiani. Zambarau alisimama mbele yake kiasi cha kuhisi harufu ya pasi kwenye shati, na kama mtafiti angesema samahani wakati ule, neno hilo moja bila nyongeza, sijui Zambarau angefanya nini, wala mwenyewe hajui. Mtafiti akasema, "Sasa mimi nitafanyaje?" Basi Zambarau akampita.

Kwenye chumba cha tishu alikuta vumbi kwenye kiti kirefu karibu na sinki. Alikipeleka kile kiti nje kwenye kikorido, akavaa koti juu ya gauni la manjano, akamrudisha shahidi wa Alhamisi kwenye nafasi yake. Akapima unga, akauchanganya, ukageuka zambarau kwenye maji kama kawaida yake. Kabla ya kugusa slaidi ya mtu yeyote alichukua kioo kipya na kalamu ya almasi. Macho yalikuwa yamejaa, hakuona mstari. Akaweka kalamu chini, akangoja machozi yapite, ndipo akaandika tarehe.